Rambirambi kwa Mjane wa Kwenye Kompyuta

Vijana wa ofisini, siku ile mliponikatia keki na kunivisha blanketi la kustaafu, mmoja wenu aliniuliza kama wakati wetu kulikuwa na matapeli wa mtandao. Akacheka kabla sijajibu, kwa hiyo nikanyamaza nikala keki. Jibu ndilo hili. Walikuwepo, tena walikuwa na adabu kuliko hawa wenu wanaopigia watu simu saa ya chakula. Kama una chai mezani sogeza kikombe, maana mimi nikianza kueleza hupunga mikono hata kwenye karatasi.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Cheo kilikuja polepole, na mshahara kila ulipofika ulikuwa umechoka na safari.

Niliingia kazini na elimu ya gumbaru. Mchana nabeba magunia sokoni Embu, jioni niko darasani na watu wa umri wa baba yangu, tumekalia madawati ya watoto, magoti yanagusa masikio. Nilipopata cheti nilikizungusha mji mzima. Nina hakika kulikuwa na kuku pale Embu waliojua alama zangu za hesabu. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kuitwa upelelezi, nikiambiwa nije na nguo za raia, nilivaa suti nyeusi, tai nyekundu na viatu vilivyong'aa kama kioo cha kinyozi.

Sajini Nyaga, ambaye nilikuwa nimekabidhiwa kwake, alinitazama kutoka juu hadi chini, kisha chini hadi juu.

"Kijana," akasema, "wewe umejificha au unaoa?"

Huyo ndiye mwalimu wangu. Mtu mnene, mpole, asiyekimbia hata kwenye mvua, na aliyekula kama mtu anayelipwa kwa kila sahani. Yeye ndiye aliyenifundisha vifaa. Tochi yetu betri zake tulizianika juani kama mahindi. Baiskeli ilikuwa na breki moja, nayo ilishika siku za wiki tu. Pingu tulikuwa nazo jozi moja, ufunguo wake ulipotea enzi za mkoloni, hivyo tulizifungua kwa spoki ya baiskeli. Ndiyo sababu baiskeli ilikuwa ikiyumba. Kila mshukiwa aliyeachiliwa aliondoka na spoki moja.

Na alinifundisha hili, ambalo mkisahau yote msilisahau. "Mwizi wa ng'ombe," aliniambia, "ana kwato, unafuata. Mwizi wa duka ana mzigo, unapekua. Lakini huyu wa maneno hana kitu mkononi. Ukimkimbiza ananyamaza, na akinyamaza umemkosa. Huyo mwache aongee. Mpe kiti, mpe chai, mwache aongee."

Nilifikiri anatafuta sababu ya kunywa chai. Na ni kweli alikuwa anaitafuta. Lakini pia alikuwa amesema kweli.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, tulihamishiwa Meru mjini, mimi na yeye. Wakati huo huo, kama vile tulipanda gari moja, kompyuta nayo ikafika. Ilikuwa ya mwanamke mmoja mchangamfu aitwaye Karimi, katika chumba juu ya duka la mbolea. Ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Ilitumia waya wa simu, na ikianza kutafuta mtandao ililia kama mbuzi aliyebanwa mkia mlangoni, mpaka wanunuzi wa mbolea chini wakatoka nje kuangalia. Ukutani Karimi alibandika tangazo: ANDIKISHA CHAMA CHAKO, PATA WAFADHILI WA NG'AMBO. Unaacha jina, shida yenu na sanduku la posta, yeye anavirusha huko hewani, mnangoja. Karimi mwenyewe hakuwa na hila. Aliamini kabisa kwamba wazungu wamekaa upande wa pili wakisoma.

Asubuhi moja akaja kituoni mama mmoja kutoka Ishiara, kule chini Mbeere. Jina lake Mama Njeru. Alikaa kwenye benchi letu, kibeti amekishika kwa mikono miwili kama usukani, na hakulia. Watu wanaolia ni rahisi, unawapa maji. Huyu alikuwa amekauka.

Alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama. Walichanga miaka mingi, wakiuza ndengu na mbuzi, ili wanunue mashine ya posho, maana ya karibu ilikuwa mbali mpaka mtu akirudi na unga amezeeka kidogo. Mama Njeru alikuwa na binti anayesoma chuo, amepanga chumba Nchiru, na akienda kumpelekea chakula alipita Meru mjini. Hapo akaona tangazo la Karimi, akaandikisha chama.

Jibu likaja, limechapwa, Karimi akamtumia kwa posta. Liliandikwa na mama mjane wa nchi moja ya mbali yenye vita. Mume wake alikuwa jenerali, alikufa ghafla baada ya kula, akaacha sanduku la chuma limejaa dola. Mjane angependa kusaidia akina mama wa Ishiara. Kilichokosekana ni ada ya kulifungulia hilo sanduku. Itumwe kwa bahasha ya rejista, kwa sanduku la posta la wakala wake, hapa hapa Meru.

"Nikatuma," akasema Mama Njeru.

"Kiasi gani?"

"Yote."

Sajini Nyaga aliweka mandazi chini. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo tena.

"Na sasa?"

"Sasa ameandika tena. Anasema sanduku limelala hotelini muda mrefu, linadaiwa kodi. Hapo ndipo nikashtuka. Hotelini? Sanduku?" Akakikaza kibeti. "Afande, mabati ya nyumba yangu nilinunuliwa na chama. Kila mama alinunuliwa. Wamesema pesa isiporudi kabla ya mvua za Oktoba, watapanda juu wayang'oe, yauzwe. Na watapanda. Mwenyekiti wetu, Mama Ireri, ameshaazima ngazi."

Hapo mtakuwa mmeelewa kazi. Mvua zilikuwa karibu na ngazi ilikuwa tayari.

Tulianza na sanduku la posta. Lilikuwa limekodiwa kwa jina la mtu ambaye hakuwepo, na baada ya ile bahasha hakuna aliyelifungua tena. Tukampelekea bosi wetu habari. Inspekta wetu alikuwa mtu wa hatua za haraka, hakupenda maelezo marefu.

"Huyu mjane anakaa wapi?" akauliza.

"Barua zake zinatoka kwenye kompyuta, bosi."

"Basi leteni kompyuta."

"Bosi, hayumo ndani..."

"Nimesema ileteni!"

Askari wawili wenye sare wakaibeba, waya zikiburutika, Karimi nyuma yao ameshika kile kitambaa cha kufuma kama mama wa mgonjwa. Stoo ilikuwa imejaa mapipa ya pombe ya chang'aa tuliyoyakamata, kwa hiyo kompyuta ikawekwa seli, pamoja na walevi wawili. Kulipokucha, mmoja wa walevi aliomba kuhamishwa. Alisema ameiungamia dhambi zake zote na haijasema neno, na ukimya wake unamtisha. Inspekta akaamuru iachiliwe kwa dhamana ya Karimi. Wateja wakimuuliza ilikokuwa, Karimi aliwajibu ilikwenda kutengenezwa, maana hakuna mfanyabiashara atakayekubali kwamba mali yake imelala ndani.

Ikabaki kwenda Ishiara. Tulikutana na akina mama katika darasa la shule ya msingi, joto la kukaanga yai juu ya kipara cha Sajini. Mama Ireri, mwenyekiti, alikuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia na sauti yake ingesimamisha lori. Nikawasomea barua za mjane, nikizitafsiri kutoka Kiingereza kwa elimu yangu ya gumbaru. Nilingoja kelele. Nilijua watamrukia Mama Njeru.

Kelele zikaja, lakini si zile nilizongojea.

"Mama Njeru!" Mama Ireri akasimama. "Huyu mwanamke alifiwa?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Na bwana yake."

"Na wewe ukamtumia pesa kwa posta? Kabla hatujaenda kumpa pole? Bila hata unga?"

Darasa zima likaguna. Mama mmoja nyuma akasema ni aibu, watu watasema Ishiara tumekosa malezi.

Nikainua mkono. "Akina mama, sikilizeni. Hakuna mjane. Huyu ni tapeli."

"Afande, umemwona?"

"Sijamwona, lakini..."

"Basi usimkane mtu aliyefiwa. Na kama yupo?" Mama Ireri akawageukia wenzake. "Mjue kabisa, mabati bado nitayang'oa. Hilo halijabadilika. Lakini Mama Njeru hatamtumia tena hata senti mpaka tuende kwake, na mbuzi, na ndengu, na uji, tukae chini, tuomboleze kama watu. Ndipo mambo ya sanduku yazungumzwe."

Nikamtazama Sajini Nyaga nikitafuta msaada. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyesikia sufuria ikifunuliwa.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Hawa wamempa kiti na chai."

Tuliporudi Meru, nikaenda kwa Karimi kama katibu wa chama, si kama polisi. Kitambaa cha kufuma kilikuwa kimerudi mahali pake. Kulikuwa na kijana mtanashati kwenye kompyuta, shati limepigwa pasi, mikono laini. Akamaliza shughuli yake, akanipisha. Mimi nikaanza kuchapa kwa kidole kimoja, nikiitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta kuku wake sokoni. Yule kijana akanihurumia.

"Mzee, nikusaidie?"

"Mungu akubariki, kijana."

Akakaa, nikamsomea, akachapa vidole vikiruka. Kwamba mimi ni katibu wa akina mama wa Ishiara. Kwamba hatuwezi kulipa kodi ya sanduku kabla ya kutoa rambirambi. Kwamba kuna mbuzi kadhaa, magunia ya ndengu, na bahasha ya mwisho, lakini vyote vitatolewa kwa mkono, nyumbani, mbele ya wafiwa. Aliposikia mbuzi alisimamisha vidole.

"Mzee, kwa maoni yangu usiandike mambo mengi ya mbuzi. Hawa watu wa ng'ambo hawaelewi. Waambie tu pesa inakuja."

"Hapana, kijana. Akina mama wamesema mbuzi kwanza."

"Ni wakubwa?"

"Nani?"

"Hao mbuzi."

"Mabeberu. Ukiwaona utafikiri ni ndama."

Akafikiri kidogo, akaandika yote. Hata neno "mabeberu" alinitafutia Kiingereza chake. Nikataka kumpa cha soda akakataa. Nikatoka pale nikimwambia Karimi kwamba vijana wa Meru wamelelewa vizuri.

Mnaocheka mmeshaelewa. Mimi sikuelewa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha mjane wa jenerali, nikimsomea barua yake mwenyewe, na yeye akiichapa ili aende akaipokee. Nyinyi leo mna mashine za kuonyesha mtu anaandikia wapi. Mimi nilikuwa karibu naye mpaka nasikia harufu ya mafuta yake ya nywele.

Mjane alijibu haraka. Alishukuru kwa machozi. Lakini, akasema, mbuzi hawapandi ndege, kwa hiyo wakala wake atawapokea stendi ya Meru. Mama Ireri alipotafsiriwa hivyo alichemka. Mbuzi wa rambirambi kupokelewa barabarani, kama wa kuchinjwa hotelini? Nikarudi kwa Karimi, na bahati yangu njema yule kijana alikuwepo tena, akanichapia jibu: nyumbani, au hatuji. Safari hii alipumua sana kabla ya kuandika. Siku mbili tatu zikapita. Kisha mjane akakubali. Wakala wake ana boma Ruiri, twende huko.

Lori likatoka Ishiara limejaa akina mama, nyimbo, mbuzi na mitungi ya uji, likapitia Chuka, likapanda mpaka Meru, likatuchukua mimi na Sajini, na kushuka kuelekea Ruiri. Sajini alivaa koti refu akawa mzee wa kanisa. Mama Njeru alikaa pembeni, hakuimba. Walipokuwa wanaondoka Ishiara, alisema baadaye, aliangalia mawingu upande wa mlima.

Boma lilikuwa safi, limefagiliwa mpaka unaona haya kukanyaga. Akatoka mama mzee wa Kimeru, leso mbili, akatupokea kwa mikono miwili. "Muga! Muga! Karibuni, watoto wa watu." Alishalia kabla hatujafika. Mwanawe Mutuma, akatueleza, ameandikwa kazi na mama mjane wa ng'ambo, mtu mwenye roho nzuri, na yeye kila siku anamwombea huyo mjane. Jiko lilikuwa linafuka moshi nyuma ya nyumba. Na mahali fulani nyuma ya jiko kulikuwa na sauti: tu-tu-tu-tu-tu.

Mutuma akatoka ndani, suti nyeusi, uso wa huzuni. Nikamwona. Unajua wazo langu la kwanza? Nikajiambia, huyu kijana jamani, hata huku amekuja kutusaidia! Ndipo nikaelewa ni nani niliyekuwa nikimsomea barua, nikapiga hatua kumfuata.

Sajini alinishika kiwiko. "Tulia," akanong'ona. "Hajaongea."

Na kweli, hatukuwa na kitu mkononi. Kupokea mbuzi si kosa. Angesema yeye ni mtumishi tu, ametumwa, pesa hajaziona, na mvua ingenyesha Oktoba juu ya Mama Njeru.

Akina mama wakamketisha Mutuma katikati kama mfiwa, wakamfunika leso mabegani. Wakaimba. Sajini akaombwa afungue kwa sala, na akasali sala ya kutisha, ya mtu ambaye ameficha sauti maisha yake yote. Alimtaja jenerali, farasi wa jenerali, nchi yao na mipaka yake yote. Akina mama wakalia. Mama yake Mutuma akalia. Hata mimi niliona kitu kinanichoma machoni, nikajikumbusha kwamba jenerali hajawahi kuzaliwa.

"Sasa tuambie," akasema Mama Ireri, "marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

Mutuma alijikuna shingo. "Alikuwa... mrefu."

"Aliugua?"

"Kidogo. Alikula kitu."

"Kitu gani?"

"Samaki."

Akina mama wakatazamana kwa uchungu. Ishiara na samaki hawajuani sana, wakaona sababu imetosha.

Zikatolewa zawadi. Mbuzi mmoja mmoja, magunia, mitungi. Kisha ikafika saa ya shukrani. Sasa nyinyi mliozaliwa kwenye simu labda mmesahau. Huku kwetu aliyefiwa hashukuru kwa jumla. Anasimama anataja kila mtu na alicholeta, na ukimruka mtu umemtukana mbele ya watu, na hilo litasimuliwa mpaka kwenye harusi za wajukuu.

Mutuma akasimama akasema, "Kwa niaba ya mama mjane, asanteni nyote."

Mama mzee akamvuta koti.

"Mutuma! Ni mimi niliyekulea hivyo? Shukuru watu vizuri. Taja!"

Akataja. Jasho linamtoka, anamtaja huyu na mbuzi wake, yule na ndengu zake, mama yake akimkumbusha kila anapokwama. Akamaliza, akataka kukaa. Akina mama wakaanza kunung'unika, sauti za chini kama nyuki, macho yote kwa Mama Njeru. Alikuwa hajatajwa.

Mama mzee akaona. "Mwanangu, huyu mama umemruka. Kwani yeye alikuja mkono mtupu?"

Mama Njeru akasimama. Kibeti amekishika kama usukani. "Mimi sikuja na kitu leo, mama," akasema. "Mimi nilitanguliza."

"Ulitanguliza nini?"

"Mwulize yeye."

"Mutuma, huyu mama alitanguliza nini?"

Nimesikia maungamo mengi tangu siku hiyo, mengine mbele ya mawakili. Sijapata kuona mtu aliyebanwa hivi. Upande mmoja ni jela. Upande wa pili ni mama yake anayemtazama, mbele ya wageni, akingoja kuona kama amezaa mtu au hakuzaa.

"Alitanguliza... bahasha," akasema Mutuma.

"Ya nini?"

"Ya pesa, mama. Ya kufungulia sanduku."

"Ilifika?"

"Ilifika."

"Mkononi mwako?"

"Mkononi mwangu."

"Basi mshukuru!"

"Asante, Mama Njeru," akasema Mutuma, kwa sauti ya mtu aliye chini ya kisima, "kwa pesa yote ya chama. Niliipokea."

Mama mzee akaongoza makofi. Tukapiga makofi wote. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka moto.

Nikatia mkono mfukoni kutafuta pingu. Sajini Nyaga akaukamata. "Chakula kimepakuliwa," akasema. "Utamkamata mtu chakula kikiwa mezani? Wewe umelelewa wapi?" Kwa hiyo tukala. Mutuma naye alikula, si haba. Sajini aliongeza mara nyingi mpaka wapishi wakaanza kumpa heshima ya kiserikali.

Wakati huo Mama Ireri alikuwa ameinuka, anafuata ile sauti ya tu-tu-tu kama mtu anayeitwa kwa jina. Tulimkuta nyuma ya jiko, chini ya paa la mabati mapya. Ilikuwa mashine ya posho. Nzuri, ya dizeli, rangi ya kijani, inasaga mahindi ya majirani wa Ruiri. Alikuwa ameiwekea mkono kama unavyomgusa ng'ombe uliyemnunua.

"Hii ilitoka wapi?" akamuuliza mama mzee.

"Mjane alimnunulia mwanangu," akasema mama mzee kwa fahari. "Mwezi ule ule alioandikwa kazi."

Pesa za mashine zilikuwa zimenunua mashine. Mimi na cheti changu chote singeweza kupanga jambo nadhifu hivyo. Akina mama wakaizunguka, wakaangalia mkanda, wakachota unga kidogo wakauonja.

Kisha nikamfunga Mutuma pingu, polepole, nyuma ya nyumba, ili mama yake asione. Lakini aliona. Nilimwambia tu kwamba kuna pesa ya akina mama ambayo Mutuma hakuipeleka inakotakiwa. Ilikuwa kweli, kwa kiasi chake. Akaketi juu ya gunia la ndengu, akafunika uso na leso.

Mutuma alikiri kortini bila kubishana. Angekana, shahidi wa kwanza angekuwa mama yake. Mashine ikawa ushahidi, na kwa kuwa stoo yetu ilikuwa bado na mapipa yale yale, hakimu akasema ushahidi utunzwe na walalamikaji, Ishiara. Ushahidi ukapakiwa kwenye lori. Ulifika Ishiara jioni, na asubuhi ushahidi ulikuwa unasaga. Nilitumwa kuukagua, na kila mara nikarudi mweupe kwa unga kama mzimu. Mvua zikaja. Mabati ya Mama Njeru yalipigwa na hiyo mvua, yakapiga kelele mpaka, alivyosema mwenyewe, hakulala kwa furaha. Ngazi Mama Ireri aliirudisha kwa mwenyewe, shingo upande.

Hapo faili ilifungwa, na nyinyi mngeenda nyumbani. Lakini Mama Ireri alikuja kituoni, sauti imejaa chumba.

"Afande, yule mama wa Ruiri. Mwana hayuko, mashine haiko. Nani amempa pole?"

Basi tukaenda tena, kundi dogo, na gunia la unga uliosagwa na ile mashine ya kijani. Tulimkuta amekaa mlangoni. Boma bado limefagiliwa. Mahali pa mashine palikuwa na alama za mafuta tu. Alitupokea kwa mikono miwili kama ile siku ya kwanza, akapokea unga, akapokea uji, akasikiliza sala ya Sajini, ambayo mara hii ilikuwa fupi. Kisha akafuta macho.

"Nyinyi yenu yamerudi," akasema. "Namshukuru Mungu. Mwanangu alikosa, amefungwa, ni haki. Lakini mimi silali. Yule mama mjane je? Amefiwa. Mfanyakazi wake amefungwa. Mbuzi wake mlirudi nao. Mpaka leo, nani amempelekea pole?"

Mimi nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote tayari, mjane hayupo, jenerali hayupo, samaki hayupo. Mama Ireri akanitazama mara moja, na mdomo ukajifunga wenyewe.

Kibeti cha Mama Njeru kikafunguka. Akatoa noti, akaikunja, akaiweka kwenye ungo uliokuwa miguuni pa mama mzee. "Mimi natanguliza," akasema. Mama Ireri akafungua fundo la leso yake. Wengine wakafuata. Sajini Nyaga akatoa pesa ya chakula cha mchana, na wanaomjua wataelewa uzito wake. Nikatia mkono mfukoni na mimi, afisa wa upelelezi mwenye cheti, nikamchangia mjane wa jenerali.

"Mtunzie wewe, mama," akasema Mama Ireri. "Ng'ambo ni mbali. Na ukikwama na chumvi au mafuta ya taa, tumia. Yeye mwenyewe angekuambia utumie, alivyo na roho nzuri."

Mama mzee akautazama ungo. Akaziangalia nyuso zetu, moja baada ya nyingine. Kisha akashika mwimo wa mlango, akasimama, akafunga leso vizuri, na kwa niaba ya mjane akaanza kutushukuru kwa majina, kila mtu na alichotoa, wala hakumruka hata mmoja.